Wakala wa mnada wa Japani anataka hela yote kabla: nimtumie?

Swali: Shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Mimi na mume wangu tumejichanga tununue Toyota IST ya mwaka 2009. Mtu tunayesali naye ametuunganisha na kaka mmoja Mtanzania aliyeko Nagoya. Anasema ananunua moja kwa moja mnadani na bei yake iko chini sana kuliko za yadi za Dar. Ametutumia karatasi ya mnada: daraja 4.5, kilomita 62,000. Anataka hela yote kabla, kwenye akaunti ya jina lake, na anasema ataandika bei ndogo kwenye ankara ili kodi ya TRA ipungue. Nimtumie? Na hati ziandikwe jina langu au la mume wangu?

Jibu:

Marahaba, dada. Usitume hela bado.

Simwiti huyo kaka tapeli. Simjui, na wapo Watanzania Japani wanaofanya kazi hii kwa uaminifu miaka na miaka. Ninachosema ni kwamba kwa jinsi alivyoipanga biashara hii, hata akiwa mwaminifu, mambo yakienda kombo huna pa kushika. Hela yote imetoka, imeingia kwa mtu binafsi, ankara ina bei isiyo ya kweli, na ushahidi ulionao ni picha ya WhatsApp. Kila kipande hapo kina dawa yake, na huenda mkaishia kununua kwa huyo huyo, ila kwa utaratibu mwingine.

Nianze na mnada wenyewe, maana wengi hawajui unavyokwenda. Minada ya magari Japani haiko wazi kwa kila mtu. Anayeruhusiwa kutaja bei ni mfanyabiashara mwenye leseni ya biashara ya vitu vilivyotumika, leseni inayopitia polisi wa mkoa wake, na ambaye pia amekubaliwa kuwa mwanachama wa mnada husika. Waendeshaji ni wengi: USS ndiyo kubwa kuliko wote, kuna TAA ya upande wa Toyota, kuna JU, CAA na wengineo. Ukumbi mkubwa hupitisha maelfu ya magari kwa siku moja, na kila gari hupata sekunde chache tu kwenye skrini huku wanunuzi wakibonyeza kitufe. Kwa hiyo mtu anayesema ananunua moja kwa moja mnadani, ama kampuni yake ni mwanachama, ama anapitia kampuni ya mwenzake. Kupitia kwa mwenzake si kosa, wengi ndivyo walivyoanza. Lakini ujue midomo miwili itakula kwenye gari lako, na siku ya kudai haki, anayetambuliwa na mnada siye unayeongea naye.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomshauri kila mtu amuulize wakala, bila aibu na bila ukali, ni hili: kaka, wewe unakula wapi?

Wako mawakala wanaotoza ada maalumu. Bei ya mnadani ni hii, ada ya mnada hii, usafiri mpaka bandarini huu, meli hii, na mimi changu ni yen kadhaa. Halafu wako wanaokupa bei moja tu ya jumla. Hiyo ya pili ndiyo huvutia, kwa sababu haina mahesabu mengi, na ndiyo iliyoumiza watu wengi zaidi kati ya wale niliowasaidia kutoa magari bandarini. Angalia inavyofanya kazi. Tuseme mmekubaliana yen 400,000 gari likiwa melini tayari kuondoka. Akilinunua kwa 300,000, kilichobaki kinaishia kwenye gharama na anapata kidogo. Akilinunua kwa 180,000, anapata nyingi. Sasa jiulize kwa nini IST moja iuzwe 300,000 na nyingine ya mwaka ule ule iuzwe 180,000. Iligongwa, au ina kutu chini, au imetembea mno, au gia boksi inaleta matatizo. Mkataba wa bei moja unamlipa wakala vizuri zaidi kila anapokuchagulia gari baya zaidi. Hata mtu mwema hushawishika, hasa mwezi ukiwa mgumu. Kwenye mkataba wa ada maalumu, yeye anapata yen zake 50,000, tuseme, liwe zuri au bovu, kwa hiyo hana sababu ya kukuletea bovu.

Kuna sehemu nyingine mbili za kula ambazo wanunuzi wa huku hawazijui. Mnadani, juu ya bei ya gari huongezwa kodi ya matumizi ya Japani, ambayo tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10. Gari likisafirishwa nje ya nchi, aliyelisafirisha huidai kodi hiyo serikalini na kurudishiwa. Vivyo hivyo ile amana iliyolipwa kwa ajili ya kulichakata gari likichakaa: gari likiondoka Japani, hurejeshwa. Ukiona kwenye ankara mstari wa kodi ya Japani asilimia 10, uliza kwa nini wewe ndiye unayeilipa na yeye ndiye anayerudishiwa. Wengine watakuambia wameihesabia kwenye kupunguza ada yao, na hilo ni jibu halali, mradi likae wazi.

Tuje kwenye karatasi uliyotumiwa. Karatasi ya mnada ni kitu cha thamani kubwa, maana mkaguzi aliyeiandika ni wa mnada, hana undugu na muuzaji wala na wakala wako. Ndiyo maana inachezewa. Kwa mtu anayejua kutumia kompyuta, kubadili R, alama ya gari lililogongwa, ikasomeka 4, au 162,000 ikasomeka 62,000, ni kazi ya dakika chache.

Ivute karibu uisome hivi. Juu utakuta mwaka kwa kalenda ya Kijapani: H21 ni mwaka wa 21 wa enzi ya Heisei, ongeza 1988 upate 2009. Gari lenye R ya enzi ya Reiwa kwenye nafasi ya mwaka, ongeza 2018. Pembeni kuna daraja la jumla, namba ikiwa kubwa ndivyo hali ilivyo nzuri, na karibu nalo herufi ya hali ya ndani, A ikiwa safi kabisa na kushuka. R au RA kwenye nafasi ya daraja maana yake gari liligongwa na kutengenezwa kwenye fremu au nguzo zake. Kisha kuna mchoro wa gari umetandazwa, na juu yake alama. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi likabaki na mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichobadilishwa tayari. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa: A1 hauonekani mpaka uinamie, A3 unaonekana ukiwa mbali.

Mchoro na daraja lazima viimbe wimbo mmoja. Niliwahi kuletewa karatasi yenye 4.5 safi juu, lakini kwenye mchoro bawa la mbele kulia lina XX, mlango unaofuata una W3, na boneti nayo ina XX. Gari la namna hiyo limepigwa mbele kulia, na hakuna mkaguzi atakayelipatia daraja 4.5. Aliyeghushi alibadilisha namba akasahau mchoro. Yako ikague hivyo hivyo, halafu yale maandishi ya Kijapani chini yapitishe kwenye programu ya simu inayotafsiri picha. Humo ndimo mkaguzi huandika kutu ya chini, harufu ya sigara, taa ya onyo inayowaka, au kwamba kilomita haziaminiki.

Kuna jambo jingine linalonitia shaka kabla hata sijaiona. IST ya 2009 yenye daraja 4.5 na kilomita 62,000 inaweza kuwepo, lakini ni adimu na hugombaniwa. Daraja la juu namna hiyo na bei ya kutupa haviendi pamoja. Gari zuri la umri huo ambalo mtu wa kawaida hulipata kwa bei ya maana lina daraja 4 au 3.5, mikwaruzo ya hapa na pale, na bodi isiyogongwa. Mimi ningechukua 3.5 ya kweli mbele ya 4.5 ya WhatsApp.

Mwombe vitu vinne: jina la ukumbi wa mnada, tarehe, namba ya gari siku ya mnada, na namba ya chesisi. IST ya 2009 ya injini ya 1500 isiyo na gia ya magurudumu manne huanza na NCP110. Akikutajia kitu kingine, muulize. Tarehe nayo inasema mengi. USS Tokyo, ule ukumbi mkubwa ulioko Noda, huuza siku ya Alhamisi, na USS Nagoya huuza Ijumaa. Wakala akisema amelipata USS Nagoya Jumatatu, anza kuuliza maswali zaidi. Ukishapata namba ya chesisi, zipo huduma za mtandaoni ambazo kwa malipo madogo hukutolea karatasi halisi ya gari hilo na bei lililouzwa. Hiyo hela itoe bila kusita, ni ndogo kuliko nauli ya Morogoro kwenda Dar mara kadhaa. Na kabla ya yote, mwambie akufungulie kwenye simu, mkiwa mnaonana kwa video, matokeo ya minada iliyopita ya IST za mwaka huo. Mwenye akaunti ya kweli anafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nayo atakuwa na mtandao mbovu kila siku.

Hata karatasi halisi ina mipaka yake. Mkaguzi hukaa na gari dakika chache, haliendeshi barabarani. Hajui gia boksi ya CVT itakavyofanya mkipanda mlima Kitonga na mizigo. Magari ya mikoa ya theluji, Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chini ya gari ambako picha nzuri za nje hazifiki. Kwa hiyo wakala anayekaa Nagoya ana faida moja kubwa kwako ambayo yadi ya Dar haina: siku ya mnada magari huwa wazi kuangaliwa, anaweza kwenda, akainama, akapiga picha chini, akawasha injini na kuirekodi. Kama haendi ukumbini, bali anabonyeza tu akiwa nyumbani, basi kuwa kwake Japani hakukusaidii chochote. Muulize hilo. Mimi ningekubali ada yake iongezeke kidogo ili aende.

Na liangaliwe kabla. Mnada hupokea malalamiko ya mnunuzi kwa siku chache tu baada ya kuuza, tena kwa mambo ambayo karatasi iliyakosea. Gari likishapanda meli, karatasi ikiwa ya kweli na wewe hukuipenda, limekwisha kuwa lako.

Kuhusu hela. Utaratibu wa kawaida ni amana kwanza, kisha salio baada ya gari kununuliwa. Amana ni haki yake, kwa sababu wewe ukijitoa baada ya yeye kushinda, yeye ndiye anayedaiwa na mnada, na anatakiwa kulipa ndani ya siku chache. Kutaka yote kabla gari halijajulikana ni gani, hiyo siyo kawaida. Salio lilipwe ukiwa na ankara yenye namba ya chesisi pamoja na risiti ya mnada.

Akaunti iwe ya kampuni, jina lake lifanane herufi kwa herufi na la kwenye ankara. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya tarakimu 13 inayotolewa na mamlaka ya kodi ya huko, na mamlaka hiyo ina tovuti ambapo yeyote anaweza kutafuta namba hiyo akaona jina na anwani ya kampuni. Mwambie akupe. Pia kuna chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika, JUMVEA, chenye orodha ya wanachama wake. Kuwa humo si dhamana ya uaminifu, lakini kunakupa mahali pa kulalamika. Kama anapitia kampuni ya mwenzake, basi hela iende kwa hiyo kampuni, ankara itoke kwa hiyo kampuni, na yeye alipwe ada yake na kampuni hiyo au na wewe kando, gari likishapakiwa. Akikataa hilo peke yake, achaneni.

Siku ya kutuma hela kwa benki (TT), piga simu mwongee kwa sauti, usome namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji, wakasubiri ankara itumwe, halafu wakatuma nyingine inayofanana nayo kila kitu isipokuwa benki. Wakala anaweza kuwa mwaminifu kabisa na hela ikapotea hivyo.

Ile ahadi ya kuandika bei ndogo ili kodi ipungue ikatae kabisa. Mbali na kwamba ni udanganyifu utakaokuwa na jina lako, haikuletei faida. TRA ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, unaoangalia aina, mwaka wa kutengenezwa na injini. Kikokotoo chake kiko kwenye tovuti ya TRA, kifungue leo. Hasara utakayoipata ni nyingine: siku ukidai kurudishiwa hela, ankara uliyonayo inasema ulilipa nusu.

Kodi yenyewe ijue mapema, maana hapa ndipo bajeti nyingi huvunjikia. Chukua mfano wa gari la 1500 ambalo TRA imelikadiria kuwa na thamani ya shilingi 5,000,000 likiwa limefika. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 1,250,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, unaopigwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha, ni 312,500. Kwa kuwa limezidi miaka 10, kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu, 1,875,000. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, 1,518,750. Jumla 4,956,250, karibu sawa na thamani ya gari, na hapo bado ada za forodha, reli, bandari, wakala wa forodha na usajili. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo jibu la mwisho ni la kikokotoo, si langu. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Sisi tunaliruhusu, lakini uzee wake tunaulipia. Kabla hamjang'ang'ania 2009, pigeni hesabu ya gari lenye umri chini ya miaka 10, lile ambalo ushuru wa uchakavu unashuka mpaka asilimia 15 au haupo. Mara nyingine tofauti ya kodi inakaribia kulipia upya wa gari.

Umesema bei yake iko chini sana kuliko ya yadi. Linganisha kitu na kitu kinachofanana. Bei ya yadi ya Dar mara nyingi ni gari limelipiwa kodi, lina namba, unaliwasha na kuondoka nalo. Yake ni bei ya melini au ya kufika bandarini tu. Kwa magari yanayokimbiliwa na kila mtu kama IST, Passo na Vitz, mnada kupitia wakala hauokoi hela nyingi kama watu wanavyodhani. Faida yake ni kujua historia ya gari kabla ya kulilipia. Asipokupa historia hiyo, nendeni yadi na fundi wenu, mlipande, mliendeshe.

Mtumie ujumbe huu, mjaze nafasi zilizo wazi: "Kaka, tunatafuta IST NCP110, daraja 3.5 kwenda juu, kilomita zisizidi 100,000. R na RA hatutaki, kutu ya chini hatutaki. Kikomo chetu mnadani ni yen …. Ada yako ni yen …, haibadiliki gari likiuzwa bei yoyote. Kabla ya mnada utatutumia karatasi, picha za chini na video ya injini. Baada ya kununua, risiti ya mnada. Amana yetu ni …, inarudi ndani ya siku 7 tukijitoa kabla hujanunua. Malipo yote kwa akaunti ya kampuni. Ukikubali tuandikie: nakubali." Akijibu kwa kuuliza maswali au kurekebisha kipengele, ni dalili nzuri, mtu wa kazi hujadiliana. Akijibu kwa kukuharakisha kwamba gari litachukuliwa na mwingine leo, mwache achukue huyo mwingine.

Gari likishanunuliwa, kabla meli haijaondoka atakutumia rasimu ya hati ya kupakia melini. Isome mwenyewe: namba ya chesisi, jina la meli, bandari ya Dar es Salaam, na jina la mpokeaji. Hati halisi, ankara na cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, pamoja na tafsiri yake, vifike kwako kabla ya meli, maana gari likikaa bandarini bila hati unalipia kukaa kwake. Kwenye cheti hicho cha Japani mara nyingi huwa kuna kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa gari huko. Zilinganishe na za karatasi ya mnada na za dashibodi. Utaratibu wa ukaguzi wa ubora, kama unafanyika Japani au hapa, waulize TBS, shirika la viwango, wiki hiyo hiyo mnayonunua.

Kuhusu jina, liandikwe la yule atakayekuwa mmiliki kwenye kadi, na lifanane na lilivyo kwenye NIDA na kwenye TIN yake. Kama gari litakuwa lako, liwe lako tangu kwenye ankara ya kwanza. Likija kwa jina la mume wako kisha mkataka liwe lako, mtaingia kwenye kuhamisha umiliki, na huo una gharama zake. Malizeni hilo nyumbani kabla rasimu haijatumwa, kwa sababu kurekebisha jina meli ikiwa imeondoka hutozwa na kampuni ya meli, na huchukua siku ambazo mnazihitaji kwa mengine.